Homa isiyokwisha: Jinsi ya kutambua dalili za maambukizi ya vali za moyo

MTU anaposhikwa na homa nchini Kenya, fikra ya kwanza humwendea mbu. Akipimwa malaria na kuambiwa damu yake ni safi, lawama huhamia taifodi. Atameza dawa kwa siku tano au saba, apate nafuu, arejee kazini, kisha wiki moja baadaye homa imrudie. Atanunua dawa nyingine. Kwa wengi, mzunguko huo huishia salama. Lakini kwa mtu ambaye moyo wake una kasoro, homa inayokwenda na kurudi yaweza kuwa ishara ya kwanza ya ugonjwa unaozila vali za moyo polepole, huku jamaa zake wakiamini kwamba ni malaria sugu.

Ugonjwa huo huitwa endokaditisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo, na hasa ya vali zake. Si ugonjwa wa kila siku ukilinganishwa na malaria au nimonia, ila ni mkali mno. Hata katika hospitali zenye vifaa vya kisasa, takriban wagonjwa 15 hadi 20 kati ya kila 100 hufariki wakiwa wangali wamelazwa. Usipotibiwa, huua karibu kila anayeupata.

Jambo linaloamua hatima ya mgonjwa mara nyingi ni wakati. Anayetambuliwa mapema hupata nafasi nzuri ya kupona kwa dawa. Anayetambuliwa baada ya miezi miwili ya kubahatisha dawa za dukani huenda akafika hospitalini vali ikiwa imetoboka au upande mmoja wa mwili ukiwa umepooza. Ndiyo maana ni muhimu kwa mwananchi wa kawaida, na si daktari pekee, kuzijua dalili zake.

VALI HUAMBUKIZWAJE?

Moyo una vali nne, mbili upande wa kulia na mbili upande wa kushoto. Kila moja hufanya kazi ya mlango wa upande mmoja: hufunguka damu ipite, kisha hufungika ili damu isirudi ilikotoka. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na katika kila pigo milango hiyo hufunguka na kufungika.

Viini huingia katika damu ya kila mtu mara kwa mara. Kupiga mswaki au kutafuna chakula kigumu kwatosha kuvisukuma viini vya kinywani hadi kwenye mishipa ya damu. Kwa mtu mwenye moyo mzima, viini hivyo huangamizwa na kinga ya mwili katika muda mfupi. Vali nzima ni laini, na viini havipati pa kushika.

Mambo huwa tofauti pale ambapo vali imekwaruzika, imekunjamana au inavuja. Damu inayopita kwa kasi hupiga sehemu hiyo na kuichubua. Chembe za kugandisha damu hujikusanya hapo na kufanya utando mwembamba. Viini vinavyopita hunasa katika utando huo, huzaana, kisha hufunikwa na utando mwingine. Hatimaye hutokea vivimbe vyororo ambavyo wataalamu huvifananisha na mimea inayochipuka. Humu vitaitwa vichipukizi.

Vichipukizi hivyo huleta madhara ya aina tatu. Kwanza, huila vali yenyewe hata ikashindwa kufunga. Pili, vipande vyake humeguka na kuchukuliwa na damu hadi ubongoni, kwenye figo, kwenye wengu au miguuni, na kuziba mishipa huko. Tatu, mapambano ya muda mrefu kati ya kinga ya mwili na viini huweza kuumiza viungo vingine, hasa figo na maungio.

Karibu kila dalili ya ugonjwa huu hutokana na mojawapo ya madhara hayo matatu.

WALIO HATARINI ZAIDI

Katika Afrika Mashariki, chanzo kikubwa cha vali kuharibika kwa watoto na vijana ni homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huu huanza kama maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokokasi, na huwapata zaidi watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15. Koo lisipotibiwa ipasavyo, baadhi ya watoto hao hupatwa wiki chache baadaye na homa, maungio huvimba na kuuma kwa zamu, na moyo hushambuliwa. Maungio hupona. Vali, kinyume chake, zaweza kubaki na makovu maisha yote. Uzito wa tatizo hili ulilifanya Baraza Kuu la Afya Duniani kupitisha azimio maalumu mwaka wa 2018 kuzitaka nchi zikabiliane na maradhi ya moyo yatokanayo na homa hiyo.

Kundi la pili ni la waliozaliwa na kasoro za moyo, kwa mfano tundu kati ya vyumba vya moyo. Kundi la tatu ni la waliowekewa vali bandia au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Aliyewahi kuugua endokaditisi na kupona pia yumo katika hatari kubwa ya kuugua tena.

Wengine ni wagonjwa wanaoishi na mirija ndani ya mishipa, kama vile wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zao zimeshindwa kufanya kazi. Wazee ambao vali zao zimekakamaa kwa umri wamo vilevile.

Kundi jingine ambalo huzungumziwa kwa nadra ni la wanaojidunga dawa za kulevya. Katika miji ya Pwani kama Mombasa na Malindi, ambako heroini imesumbua familia nyingi kwa miaka mingi, kijana anayejidunga na kushikwa na homa kali hapaswi kufukuzwa kwa dhana kuwa ni arosto tu. Sindano chafu hupeleka viini vya ngozi moja kwa moja hadi upande wa kulia wa moyo.

Yafaa kukumbuka kwamba baadhi ya wagonjwa hawakuwahi kuambiwa kuwa wana kasoro yoyote ya moyo. Bakteria aina ya stafilokokasi, wanaopatikana kwenye ngozi na majipu, huweza kushambulia hata vali iliyo nzima.

SURA MBILI ZA UGONJWA MMOJA

Endokaditisi hujitokeza kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ya ghafla. Mgonjwa hushikwa na homa kali, hutetemeka kwa baridi, na hali yake huzorota kwa siku chache tu. Aghalabu chanzo huwa stafilokokasi. Huyu hufikishwa hospitalini haraka kwa kuwa kila mtu humwona kuwa amezidiwa.

Sura ya pili ni ya polepole, na ndiyo inayowahadaa wengi. Mara nyingi huletwa na streptokokasi wa kinywani, na huchukua majuma au hata miezi. Mgonjwa huendelea kutembea, kwenda shuleni au kufungua duka, ila kila jioni huhisi joto mwilini.

Chukua mfano wa msichana wa shule ya upili ambaye alipokuwa darasa la nne aliumwa magoti na vifundo vya miguu, kisha akasahau. Sasa huchoka akipanda ngazi. Homa humjia alasiri, na usiku shuka zake hulowa jasho. Mwezi mmoja unapita, amepungua uzito na hana hamu ya chakula. Ametibiwa malaria mara mbili na taifodi mara moja, na kila mara alipata nafuu kwa siku kadhaa. Asubuhi moja anaamka akiwa hawezi kuinua mkono wa kulia wala kutamka maneno sawasawa. Jamaa husema amerogwa, au amepatwa na kiharusi cha ajabu. Ukweli ni kwamba kipande cha kichipukizi kimemeguka kutoka katika vali na kuziba mshipa ubongoni. Dalili zilikuwepo kwa wiki nyingi, lakini hakuna aliyeziunganisha.

DALILI KUU

Homa. Hii ndiyo dalili inayoonekana kwa wengi zaidi, takriban wagonjwa 9 kati ya 10. Kwa kawaida joto hufikia nyuzi 38 au zaidi, ingawa katika ugonjwa wa polepole huenda lisipande sana. Huandamana na kutetemeka, jasho la usiku, uchovu, kupungua uzito, na maumivu ya misuli, mgongo au maungio. Wazee, wagonjwa dhaifu na wale ambao tayari wamemeza dawa za kuua bakteria wanaweza kukosa homa kabisa. Kwa hivyo kutokuwepo kwa homa hakumwondolei mtu shaka.

Mvumo wa moyo. Daktari anapotega stetoskopu kifuani husikia mapigo mawili yaliyo wazi. Vali inayovuja au iliyoziba huongeza sauti ya tatu, mfano wa upepo unaopita katika upenyo. Huo ndio mvumo. Si kila mwenye mvumo ana ugonjwa, lakini mvumo mpya, au wa zamani uliobadilika, kwa mtu mwenye homa ni onyo kubwa. Mgonjwa hawezi kujisikilizia mwenyewe. Anachoweza kufanya ni kumwomba mhudumu wa afya amsikilize moyo badala ya kuandikiwa dawa bila kuguswa.

Moyo kushindwa kazi. Vali ikiharibika, damu hurudi nyuma na maji hujaa mapafuni. Mgonjwa hukosa pumzi akifanya kazi ndogo, kisha hushindwa hata kulala chali, akalazimika kuegemea mito. Miguu huvimba. Hali hii ndiyo inayoua zaidi miongoni mwa wagonjwa wa endokaditisi, na ndiyo sababu kuu ya kufanyiwa upasuaji. Mtu mwenye homa ya muda mrefu ambaye ameanza kukosa pumzi anapaswa kupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo.

ISHARA ZA NGOZI, KUCHA NA MACHO

Baadhi ya ishara za ugonjwa huu huonekana kwa macho, na zimebeba majina ya madaktari waliozieleza zaidi ya karne moja iliyopita.

Iliyo ya kawaida zaidi kati ya hizo ni vidoa vidogo vyekundu, mfano wa alama za ncha ya kalamu, ambavyo havififii vikibonyezwa. Katika ngozi nyeusi vidoa hivi havionekani kwa urahisi, na maelezo mengi ya vitabuni yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Mahali pa kutazama ni utando wa ndani wa kope la chini, kaakaa la kinywa, viganja na nyayo.

Chini ya kucha huweza kutokea vistari vyembamba vya rangi ya damu iliyovilia, mithili ya vibanzi vya mbao vilivyoingia ukuchani. Mtu anayefanya kazi ya mikono aweza kuwa navyo kwa sababu ya kugonga kucha tu, hivyo peke yake havithibitishi kitu.

Vinundu vya Osler ni vivimbe vidogo vinavyouma, vinavyotokea kwenye nyama ya ncha za vidole vya mikono au miguu. Huitwa hivyo kwa heshima ya William Osler, daktari mzaliwa wa Canada, ambaye katika mihadhara yake jijini London mwaka wa 1885 alieleza kwamba endokaditisi ni miongoni mwa maradhi yaliyo magumu zaidi kutambua. Alama za Janeway, kwa upande mwingine, ni madoa mekundu ya viganjani na nyayoni ambayo hayaumi. Madoa ya Roth hupatikana ndani ya jicho, na daktari huyaona kwa kutumia kifaa maalumu chenye mwanga.

Ugonjwa ukiendelea kwa muda mrefu, ncha za vidole huweza kuvimba na kuwa za mviringo kama kichwa cha rungu. Wengu nao huweza kukua, na mgonjwa akahisi uzito au maumivu chini ya mbavu za kushoto.

Siku hizi wagonjwa wengi hawana ishara za Osler, Janeway wala Roth. Anayezisubiri zote ndipo ashuku, atachelewa. Lakini zinapoonekana kwa mtu mwenye homa, hazipaswi kupuuzwa.

Uzito wa ishara hizi wadhihirika katika kisa cha Alfred Reinhart, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Homa ya baridi yabisi ilikuwa imemharibia vali ya moyo alipokuwa mdogo. Mwaka wa 1931 aliona vidoa vyekundu mkononi mwake. Kwa kuwa alikuwa amesoma, alijua papo hapo ni ugonjwa gani, na alijua pia kwamba hapakuwa na dawa. Aliendelea kuandika kwa makini alivyojihisi hadi akafariki kabla ya mwaka huo kwisha. Alexander Fleming alikuwa amekwisha kugundua penisilini jijini London mwaka wa 1928, lakini dawa hiyo haikuanza kutumiwa kwa wagonjwa wengi hadi miaka ya 1940. Reinhart aliutambua ugonjwa, tiba ikawa haijafika. Leo tiba ipo, na kinachokosekana mara nyingi ni kuutambua.

VIPANDE VINAPOMEGUKA

Kwa baadhi ya wagonjwa, ishara ya kwanza huwa ni kiungo kilichozibwa na kipande cha kichipukizi. Kipande kikifika ubongoni, huleta kiharusi: uso kwenda upande, mkono au mguu kupooza, au ulimi kuwa mzito. Kijana mwenye homa anayepatwa na kiharusi anapaswa kuchunguzwa endokaditisi bila kuchelewa, kwani kiharusi si ugonjwa wa kawaida wa umri wake.

Kipande kikiziba mshipa wa figo, huleta maumivu ya kiunoni na mkojo wenye damu. Kikiziba wa mguu au mkono, kiungo hicho huwa baridi na huuma ghafla. Kikiziba wa wengu, maumivu makali huhisiwa upande wa kushoto wa tumbo kwa juu.

Wale ambao vali iliyoambukizwa ni ya upande wa kulia wa moyo, kama ilivyo kwa wengi wanaojidunga dawa za kulevya, hupata dalili za kifua. Vipande huelekea mapafuni badala ya ubongoni. Mgonjwa hukohoa, huumwa kifua akivuta pumzi, na pengine hutema damu. Wengi hutibiwa nimonia au kifua kikuu kabla ya moyo kuchunguzwa.

MARADHI YANAYOFANANA NAYO

Ugumu wa kuutambua ugonjwa huu katika eneo hili watokana na wingi wa maradhi yenye dalili zinazofanana. Malaria huleta homa na kutetemeka. Kifua kikuu huleta jasho la usiku na kukonda. Ukimwi huweza kuleta yote hayo. Brusela, ugonjwa unaowapata watu kupitia maziwa mabichi na mifugo, huleta homa ya muda mrefu na maumivu ya maungio, na wenyewe huweza kushambulia vali za moyo.

Taifodi imekuwa kisingizio kikubwa zaidi. Kipimo cha Widal, kinachotumiwa katika maabara nyingi ndogo, huweza kuonyesha kwamba mtu ana taifodi hali hana. Mgonjwa huondoka na karatasi mkononi na dawa za siku saba mfukoni, akiwa ametulia moyo.

Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Dawa za kuua bakteria zikimezwa kwa siku chache hupunguza viini vilivyo katika damu bila kuviangamiza vilivyojificha ndani ya vichipukizi. Homa hushuka, mgonjwa hudhani amepona, kisha dawa ikiisha viini huzaana upya. Mbaya zaidi, damu yake ikichukuliwa kupimwa wakati huo, maabara huenda isione kiini chochote. Daktari hunyimwa ushahidi aliouhitaji, na mgonjwa hupoteza siku ambazo hana.

Nafuu ya siku chache baada ya dawa, ikifuatwa na homa kurudi, si uthibitisho kwamba dawa ilikuwa dhaifu. Ni sababu ya kutafuta chanzo.

VIPIMO VINAVYOTHIBITISHA

Hakuna dalili moja inayotosha kuthibitisha endokaditisi. Mwaka wa 1994 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walitunga vigezo vya kuunganisha ishara mbalimbali. Vigezo hivyo vilirekebishwa mwaka wa 2000 na tena mwaka wa 2023, na hutumiwa na madaktari kote duniani. Vimegawanywa katika vikuu na vidogo.

Vigezo vikuu hutegemea nguzo mbili. Ya kwanza ni uchunguzi wa damu ambao damu huwekwa katika chupa maalumu yenye lishe ya viini, kisha huachwa siku kadhaa ili kuona kama kuna kinachoota. Damu hiyo huchukuliwa kabla ya dawa kuanza, na si mara moja tu. Kwa kawaida huchukuliwa mara tatu kutoka sehemu tofauti za mwili. Ya pili ni picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, sawa na ile ya kumtazama mtoto tumboni. Picha ya juu ya kifua ikikosa kuonyesha vizuri, daktari hupitisha mrija mwembamba wenye kamera ya mawimbi kooni ili kuukaribia moyo kwa nyuma.

Vigezo vidogo ni pamoja na kuwa na kasoro ya moyo au kujidunga dawa za kulevya, joto la nyuzi 38 au zaidi, mishipa kuzibwa na vipande, na ishara kama vinundu vya Osler na madoa ya Roth. Vigezo vikuu viwili hutosha kuthibitisha. Kikuu kimoja pamoja na vidogo vitatu pia hutosha, na vilevile vidogo vitano.

Katika zahanati nyingi vipimo hivyo havipo. Kazi ya mhudumu wa zahanati basi ni kushuku mapema na kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa. Ikiwa hali si mahututi, ni bora damu ichukuliwe kwanza ndipo dawa ianze. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, damu huchukuliwa mara moja na dawa huanza papo hapo bila kusubiri majibu.

TIBA NI NDEFU

Endokaditisi haitibiwi kwa vidonge vya wiki moja. Tishu ya vali haina mishipa mingi ya damu, na viini hujificha ndani kabisa. Kwa hivyo dawa hutolewa kwa kipimo kikubwa kupitia mshipani, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Dawa huchaguliwa kulingana na kiini kilichopatikana. Penisilini na jentamaisini zimetumika kwa miaka mingi na zingali zinatumika.

Utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa ambao hali yao imetulia wanaweza kumalizia tiba kwa vidonge, baada ya kuanza kwa dawa za mshipani. Uamuzi huo ni wa daktari, na wagonjwa hao waliendelea kufuatiliwa kwa karibu. Mgonjwa asiutumie kama sababu ya kutoroka wodini.

Katika mataifa yenye huduma za kutosha, karibu nusu ya wagonjwa hufanyiwa upasuaji ili kuondoa vichipukizi na kurekebisha vali au kuweka bandia. Nchini Kenya upasuaji wa moyo hufanywa katika hospitali chache, zikiwemo Kenyatta na Mater jijini Nairobi, na Tenwek katika Kaunti ya Bomet. Uchache huo wazidi kuonyesha faida ya kuutambua ugonjwa kabla vali haijaharibika.

KINGA HUANZIA KINYWANI NA KOONI

Mwenye kasoro ya moyo anashauriwa kupiga mswaki kila siku na kumwona daktari wa meno mara kwa mara. Jino bovu na ufizi unaotoka damu ni milango ambayo viini hupitia kila siku, si siku ya kung'oa jino pekee.

Zamani, karibu kila mwenye kasoro ya moyo alipewa dawa ya kuua bakteria kabla ya kung'olewa jino. Mwaka wa 2007 Shirika la Moyo la Marekani lilipunguza kundi hilo, likabakisha walio na hatari kubwa zaidi: wenye vali bandia, waliowahi kuugua endokaditisi, na wenye aina fulani za kasoro za kuzaliwa. Msimamo huo ulithibitishwa tena mwaka wa 2021. Kwa mtu ambaye vali zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, daktari wake wa moyo ndiye wa kuamua. Lililo la lazima kwa wote ni kumjulisha daktari wa meno kuhusu hali ya moyo kabla hajaanza kazi.

Maumivu ya koo kwa mtoto, hasa yenye homa na tezi za shingo zilizovimba, yapelekwe kwa mhudumu wa afya. Mtoto ambaye tayari amepatwa na homa ya baridi yabisi hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Mzazi asiikatize kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALINI

Mtu yeyote mwenye kasoro ya moyo, vali bandia au historia ya kuvimba maungio utotoni, akipata homa ya zaidi ya siku chache isiyo na sababu iliyo wazi, asinunue dawa dukani. Aende hospitalini na aseme mambo manne waziwazi: kwamba moyo wake una tatizo, homa ilianza lini, ni dawa gani amekwisha kumeza, na kama hivi karibuni aling'olewa jino, alifanyiwa upasuaji au alidungwa sindano.

Aulize pia iwapo damu yake itachukuliwa kuoteshwa viini kabla ya kupewa dawa. Hilo ni swali la kawaida, na mhudumu anayeijua kazi yake hatalichukulia kuwa ni utovu wa adabu.

Kukosa pumzi, mwili kupooza upande mmoja, kuchanganyikiwa, mguu kuwa baridi ghafla au mkojo wenye damu ni dalili zisizosubiri kupambazuke. Mgonjwa wa aina hiyo apelekwe hospitali yenye daktari usiku huo huo, na vidonge vyote alivyokuwa akimeza vibebwe pamoja naye.